Maswali ya wasomaji: Sauti ya mvua inaweza kutabiri kesho?

SWALI: Habari za kazi. Nasoma kompyuta, nataka mradi wangu wa mwisho uwe wa ujifunzaji wa kina (deep learning), yaani kompyuta kujifunza yenyewe kutokana na mifano mingi. Nirekodi mvua na ngurumo halafu modeli itabiri hali ya hewa ya kesho. Wenzangu wanasema sauti na hali ya hewa havihusiani kabisa. Modeli yangu ya majaribio inatofautisha mvua na upepo kwa asilimia 98, niendelee?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Endelea, ila swali lenyewe libadilishe kidogo.

Kwenye hesabu wenzako wamekosea. Sauti ikirekodiwa kwa kilohezi 16 ni namba 16,000 kila sekunde, unazikata vipande vya milisekunde 25 hivi, kila kipande unapiga hesabu ya Fourier kujua masafa gani (yaani sauti nzito au nyembamba kiasi gani) yana nguvu, ukivipanga unapata spektrogramu, yaani picha: muda unaenda kulia, masafa yanapanda juu. Mvua inaonekana kama ukungu uliotapakaa karibu masafa yote, ngurumo ni doa zito kule chini linalofifia taratibu. Kuanzia hapo mitandao ya neva (programu zinazojifunza kwa mifano) ileile inayotambua picha inafanya kazi vizuri tu.

Na hali ya hewa nayo ni picha ya namba. GraphCast, modeli ya kutabiri hali ya hewa ya Google DeepMind, imeigawa dunia kwenye gridi ya nyuzi 0.25, kama kilomita 28 kwenye ikweta, inapewa joto, upepo, unyevu na kanieneo vya sasa na vya saa 6 zilizopita, inatoa vya saa 6 zijazo, halafu inalishwa jibu lake yenyewe tena na tena mpaka siku 10. Imejifunza kwa data za ERA5, yaani kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia nzima, za kuanzia 1979 mpaka 2017.

Sasa tatizo lako liko hapa. Maikrofoni inasikia kinachotokea sasa hivi, tena karibu, hata ngurumo kwa kawaida haisikiki ukiwa zaidi ya kilomita 25 hivi. Mvua ya kesho saa hii labda ni unyevu tu ulio mamia ya kilomita huko, haina sauti ya kurekodi! Kwa hiyo mimi ningekushauri ukadirie mvua inanyesha kwa nguvu kiasi gani *sasa*, ulinganishe na kipimamvua kilichowekwa pembeni ya maikrofoni. Huo mradi unafanyika na una faida kubwa, maana sehemu nyingi duniani vipimamvua ni vichache mno.

Halafu hiyo 98, uligawaje data? Kama ulichukua rekodi ndefu ukaikata vipande vya sekunde 5 ukavichanganya ovyo, basi mvua ileile iko kwenye data za kuifunza modeli na iko kwenye data za kuipa mtihani, na modeli inaweza kuwa imekariri mvumo wa maikrofoni yako wala haijui mvua ni nini. Hili nalisisitiza kwa sababu linaharibu miradi mizuri sana. Gawa kwa siku au kwa rekodi nzima, kamwe usigawe kwa vipande. Watu wa hali ya hewa wanagawa kwa miaka, GraphCast ilipimwa kwa data za 2018 ambazo haikuwahi kuziona.

Rekodi siku tofauti tofauti, kwa simu zaidi ya moja, mvua ya juu ya bati na ya juu ya nyasi pia usizichanganye bila kuandika ipi ni ipi, na rekodi za siku ulizotenga kuipa modeli mtihani usiziguse mpaka mwisho. Namba ikishuka usiogope, hiyo ndiyo ya kuandika kwenye ripoti.