Vituo vya rangi au visimamishi?

Kuna dizaina wa apu za simu hapa Arusha, maeneo ya Sakina, ameuliza hivi: anaandika maelekezo ya Kiswahili kwa apu ya kutengeneza matangazo ya biashara, na kuna sehemu mtu anachanganya rangi za nyuma, juu chungwa, katikati nyekundu, chini zambarau, pembeni kuna vile vialama unavyoburuta kwa kidole. Yeye kaviita vituo vya rangi. Mwenzake kakataa, anasema kituo ni cha daladala, aandike visimamishi. Na ule mchanganyiko wenyewe kauita rangi inayofifia. Sasa ipi sahihi?

Ndugu yangu, vituo viache hapohapo, ila kufifia ondoa.

Kusimamisha kitu ni kukizuia kisiendelee, na pale rangi haizuiwi hata kidogo, pale ndipo imekolea kisawasawa, ikitoka hapo inaanza kuingia kwenye inayofuata. Kituo kimetoka kwenye kutua, mtu anatua mzigo, ndege inatua KIA, na kutulia ni ukoo huohuo, ndo maana vijana wakiona kazi nzuri wanasema dizaini imetulia. Kwahiyo rangi inatua, alafu inaendelea na safari. Mwenzako kaitaja daladala akidhani anakupinga kumbe kakupa mfano mzuri kabisa.

Chukua haisi ya Moshi. Arusha ni 0, ndiyo chungwa yetu, Moshi ni 1, ndiyo zambarau, na Usa River, ndiyo nyekundu, iko kama robo ya njia, tuseme 0.25. Ukiipa programu rangi tatu bila kuitajia vituo yenyewe inagawa sawasawa, 0, 0.5 na 1, yaani imeibeba Usa River imeenda kuiweka katikati ya safari! Ukiirudisha ile nyekundu kwenye 0.25 utaona mwenyewe, chungwa inageuka nyekundu harakaharaka pale juu, alafu kutoka nyekundu mpaka zambarau ni polepole skrini yote iliyobaki. Rangi ni zilezile, umesogeza kituo tu. Na ukiweka vituo viwili sehemu moja mpito unakufa, unapata mstari mkali kama pale pindo la kanga linapokutana na mji. (Kama unatumia Flutter, ile zana ya kutengenezea apu, angalia pia idadi, vituo vinatakiwa viwe sawa na rangi, kila rangi na kituo chake.)

Sasa kufifia. Taa inafifia, sauti inafifia, yaani kitu kinapungua nguvu, na kanga ikifuliwa sana tunasema imechujuka. Chungwa ikigeuka zambarau nani kapungua? Hakuna, zote zina nguvu, moja inaipisha nyingine. Neno kufifia litunze, utalihitaji siku picha inapoyeyuka taratibu mpaka haionekani ili maandishi yasomeke, hapo ndo mahali pake. Huu mwingine uite mpito wa rangi. Nyie wenyewe ofisini mkisema gredienti sioni kosa, mnaelewana, ila yule mama wa duka anayetengeneza tangazo la vitenge vyake neno hilo halimwambii kitu, na apu ni yake.

Niliwahi kusimama Kilombero namwangalia fundi anachora anga la jioni kwenye ubao wa duka, anamwelekeza kijana wake, "hapa ikolee, hapa ianze kuingia kwenye zambarau, usiikate." Nilifurahi sana siku ile, maana maneno yote tunayoyatafuta anayo mdomoni, kukolea, kuingia, kukata, na wewe yatumie hayohayo kwenye maelekezo.

Kwahiyo ile sentensi uliyonitumia, "simamisha rangi nyekundu kwenye 0.25", iandike hivi: "Buruta kituo cha rangi nyekundu mpaka 0.25, hapo ndipo itakapokolea." Na ngeli usiisahau, kituo kimoja kimesogea, vituo vitatu vimesogea, maana kwenye picha ya skrini uliyoambatanisha kuna batani imeandikwa "vituo imesogezwa".