Kabini ya Chini, Katikati ya Meli: Ushauri kwa Anayekwenda Galápagos

Msomaji mmoja ameniandikia akiomba nimsaidie kuamua jambo ambalo, kwa maelezo yake, linamkosesha usingizi kuliko nauli ya ndege yenyewe. Amepata nafasi katika meli ya abiria 16 itakayozunguka visiwa vya Galápagos mwezi Septemba, na wakala wake anamsukuma achukue kabini ya sitaha ya juu yenye roshani, huku akimwambia kwamba kabini za chini ni za watu wanaobana matumizi. Maneno hayo nayajua. Nami niliambiwa karibu yaleyale na wakala mwingine, kwa ule upole unaouma kuliko tusi, na mpaka leo nikiyakumbuka moyo hunichoma. Ndiyo maana simjibu kwa sentensi mbili, bali kwa kirefu, kwa kuwa naamini wengi mnaonisoma mnaitamani safari hiyohiyo na siku moja mtakaa mbele ya wakala wa namna hiyo, kalamu mkononi.

Jibu langu ni hili: achukue kabini ya chini iliyo katikati ya meli, na pesa itakayobaki aitafutie kazi nyingine.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza ujue jinsi safari za huko zinavyoendeshwa. Galápagos ni visiwa vya Ekuador vilivyo katika Bahari ya Pasifiki, karibu kilomita 1,000 kutoka bara, na sehemu kubwa mno ya nchi kavu yake ni hifadhi ya taifa. Sheria haziruhusu meli ya watalii kubeba abiria zaidi ya 100, na kila mwongoza watalii hupewa watu wasiozidi 16, jambo linaloeleza kwa nini meli nyingi za huko zina vitanda 16 kamili. Maeneo ya matembezi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Mchana kutwa utakuwa ufukweni, juu ya miamba, majini au ndani ya boti ya mpira inayokupeleka na kukurudisha. Giza linapoingia wote hurudi melini, mnakula, mnasikiliza maelezo ya kesho, kisha nahodha hung'oa nanga. Mwendo mrefu kutoka kisiwa kimoja hadi kingine hufanyika usiku, nyinyi mkiwa vitandani.

Sasa jiulize roshani ni ya nini. Saa ambazo meli inatembea ni saa za giza, na saa zenye mwanga wewe haumo kabinini. Ukitaka kuangalia bahari jioni, sitaha ya juu kabisa iko wazi kwa kila abiria, ina viti na upepo, na mtazamo wake unazunguka pande zote, ilhali roshani yako ina upande mmoja tu. Unacholipia hasa unapolipia kabini katika meli ndogo ni mahali pa kulaza mwili wakati chombo kinakwenda mrama. Mawakala hawalisemi hilo kwa sababu mrama hauonekani kwenye picha.

Na mrama upo. Kuanzia Juni hadi Novemba hivi, pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu zaidi, mkondo wa Humboldt huleta maji baridi, na bahari huchafuka, hasa kati ya Agosti na Oktoba. Kuanzia Januari hadi Mei maji huwa ya joto na mara nyingi hutulia, na mtu anayesafiri miezi hiyo anaweza kulala popote asijute sana. Msomaji wangu anakwenda Septemba. Ningekuwa wakala wake, hilo ndilo lingekuwa neno langu la kwanza kwake, kabla ya rangi ya mapazia.

Mimi nilisafiri Agosti, pamoja na dada yangu na mumewe. Shemeji ni mtu mkarimu, lakini ana imani kwamba kitu cha ghali ndicho kitu kizuri, na alichukua kabini ya juu, upande wa omo, yaani mbele ya meli, yenye roshani na kitanda kipana ambacho wahudumu walikipamba kwa taulo lililokunjwa umbo la ndege. Mimi nilichukua ya chini katikati. Tofauti ya bei baina yetu ilitosha kulipa kiingilio changu cha hifadhi, ambacho kwa wageni wengi walio watu wazima ni dola 200 za Marekani tangu Agosti 2024, na kubakisha. Siku tuliyopanda meli alishuka kuniona. Alivitazama vitanda viwili vyembamba, kidirisha cha mviringo ambacho maji yalikuwa yakikilamba, na ndoano moja nyuma ya mlango, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, wewe umepangiwa ngamani, pamoja na magunia."

Nilinyamaza. Sikuwa na la kusema kwa sababu bandarini, meli ikiwa imetulia, chumba chake kilikuwa kizuri kweli, na mtu anayebishana na uzuri unaoonekana huonekana ana wivu.

Usiku tulioelekea Genovesa, kisiwa kilicho pembeni kaskazini-mashariki, upepo ulikuwa ukitupiga ubavuni. Kabla ya giza baharia mmoja alipita juu akivifunga kwa kamba viti vya kila roshani na kuifunga milango yake, kwa hiyo ile roshani iliyolipiwa iligeuka kuwa kioo cheusi chenye matone ya chumvi. Kule kwangu koti langu la mvua lililoning'inia kwenye ndoano liliachana na mlango kiasi cha upana wa kiganja, likarudi, likaachana tena, na mimi nililitazama hivyo mpaka nikapitiwa na usingizi. Niliamshwa na mlango. Dada alikuwa amesimama na mto wake kifuani, akaniambia kwamba juu droo zinafunguka zenyewe na kwamba kitanda kinapanda, kinasita, kisha kinaanguka. Akalala kwenye kitanda changu cha pili. Haikupita saa moja, shemeji naye akashuka, amekamata kuta zote mbili za ukumbi, akajilaza sakafuni katikati yetu na wala hakutaja magunia. Asubuhi, tulipopanda ngazi za mwambani ziitwazo Prince Philip's Steps na kutembea katikati ya ndege wa baharini waitwao boobi, wenye miguu myekundu, waliojikalia vichakani bila kutuogopa, yeye alibaki melini akinywa maji kwa kijiko. Sikufurahia kuumwa kwake. Lakini sitasema uongo: kufurahia kwamba nilikuwa sahihi, nilifurahia, na nilipanda zile ngazi kwa miguu miepesi.

Maelezo ya jambo hili ni ya fizikia ya kawaida. Meli inapopanda wimbi na kushuka, huzunguka kwenye mhimili ulio karibu na katikati yake, na inapolala upande huu na ule, mhimili huo uko karibu na usawa wa maji. Kadiri ulivyo mbali na hapo, ndivyo unavyosafirishwa umbali mrefu zaidi kwa kila wimbi, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao wanaopaa na kushuka huku aliyesimama katikati akitikisika kidogo tu. Kabini ya juu iliyo omo ina umbali wa aina zote mbili. Wazee wetu wa majahazi walisema kwamba enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma au mbele ya chombo, utarudi tumboni mwake. Walikuwa na mengine mawazoni, lakini shemeji aliutimiza usemi huo kwa miguu yake mwenyewe.

Omo ina adha nyingine ambayo haiandikwi popote. Meli nyingi hufika kisiwa kinachofuata kabla ya mapambazuko, na nanga inaposhushwa saa kumi alfajiri mnyororo wake hupita ndani ya chuma hatua chache tu kutoka kwenye kichwa cha aliyelala mbele. Ni mngurumo unaoingia mpaka menoni. Tezi nako kuna injini, mtikisiko wa rafadha, na katika meli nyingine harufu ya dizeli upepo unapogeuka. Jenereta haizimwi usiku wala mchana kwa sababu ya viyoyozi na majokofu, hivyo uliza iko wapi. Kwa haki niseme pia kwamba kabini yangu haikuwa kimya: pampu ya maji ilikohoa kila mtu alipooga, kidirisha hakikufunguka, na asubuhi hewa ilikuwa nzito. Haya niliyavumilia bila shida, kwa kuwa kelele za pampu hazitapishi.

Kuhusu katamarani, yaani meli zenye matumbo mawili, watu huniuliza mno. Ni kweli kwamba hazilali sana ubavuni, na aliye mwepesi wa kichefuchefu anaweza kuzipenda. Lakini wimbi likiingia kati ya matumbo hayo hupiga sakafu kutoka chini kwa kishindo, na mwendo wake ni wa kukatakata. Katika nyingi ya hizo kabini ziko sitaha kuu na ya juu, kwa hiyo shauri langu la "chini" linabaki kuwa shauri la "katikati" tu.

Lipo pia suala la madirisha, ambalo nadhani limekuzwa kupita kiasi. Kabini za sitaha kuu mara nyingi huwa na dirisha kubwa linalotazama ujia wa nje, nao ujia huo ndiyo njia ya abiria wote waendao kwenye boti, kwa hiyo utafunga pazia kutwa ili usivae nguo mbele ya kundi la wageni wenye majaketi ya kuokolea. Dirisha unalolifunga siku zote si dirisha. Kitu kinachostahili kuulizwa zaidi, na ambacho sijamsikia wakala akikitaja kwa hiari yake, ni kitanda kimelazwa upande gani. Kikiwa sambamba na urefu wa meli, mrama wa ubavuni utakuviringisha kidogo kushoto na kulia; kikiwa kimekingama, utakuinua kichwa na kukushusha miguu, kisha kinyume chake, usiku kucha, na tumbo halisahau. Mimi huchagua sambamba.

Hapa naomba niseme kwa ukali kidogo. Tumejizoesha kununua safari kwa macho ya watu wengine. Tunachagua chumba kwa picha tutakayoituma siku ya kwanza, tukiwa tumeketi kwenye roshani na glasi mkononi, kisha tunaulipia mkao huo kwa usiku wote uliobaki. Anayekucheka kwa kuchukua kabini ya chini hatakuwepo usiku wewe utakapokuwa umeshika ukingo wa sinki. Usiogope kuonekana huna uwezo. Wapo watu wenye fedha kuliko wote melini waliolala jirani yangu kule chini, mmoja wao mzee aliyewahi kufanya kazi baharini, na hakuuliza chochote kuhusu roshani. Aliuliza tu kama choo kinavuta vizuri.

Basi msomaji wangu aombe mchoro wa sitaha zote kabla ya kulipa malipo ya kwanza, achore mstari katikati ya meli kwa urefu na kwa upana, na achukue kabini iliyo karibu zaidi na makutano ya mistari hiyo katika sitaha ya chini kabisa inayopatikana. Amwambie wakala amwandikie namba ya kabini, si daraja lake, kwa sababu daraja moja huweza kuwa na chumba cha katikati na kingine kinachogusana na injini. Kama zimejaa, aombe kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri, maana watu huahirisha. Na kama anasafiri peke yake, ajue kwamba meli nyingi hutoza nyongeza kubwa kwa anayetaka kabini nzima, kwa hiyo aulize mapema iwapo wanaweza kumlaza na msafiri mwingine wa jinsia yake. Kabini za chini zenye vitanda viwili ndizo zinazofaa kwa mpango huo.

Mtu mmoja tu ninayemwondoa katika shauri hili ni mwenye magoti mabovu au anayesafiri na mzazi mzee. Ngazi za kushuka sitaha ya chini katika meli ndogo huwa nyembamba na zimesimama sana, na kuzipanda meli ikiyumba kunahitaji mikono miwili. Huyo achukue sitaha kuu, katikati vilevile, na kama dirisha lake litatazama ujia, afunge pazia.