Kabla ya kuilaumu dhahabu, pima maji

Likizo moja nilirudi nyumbani Lamu nikawaahidi wanafunzi wa kidato cha nne kwamba nitawaonyesha dhahabu nyekundu, yaani chembe ndogo mno za dhahabu zinazoelea majini. Chuoni, huko bara, nilikuwa nimeshaitengeneza mara nyingi. Unachemsha maji yenye dhahabu kidogo iliyoyeyushwa, unamimina sitreti ya sodiamu, umanjano unapotea, weusi wa buluu unapita, kisha rangi inatulia kwenye wekundu wa komamanga. Njia hii inatumika tangu 1951, na aliyeianzisha ni John Turkevich.

Siku ile wekundu haukuja. Ilikuja zambarau, ikafuata kijivu, na asubuhi yake nikakuta masizi meusi yamelala chini ya chupa. Wanafunzi walikuwa wapole, lakini mimi sikulala usiku huo.

Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, yalikuwa yameniishia, nikajazia ya kisima. Kwetu Langoni bahari iko mlangoni, na marehemu bibi yangu alikuwa akionja maji mara moja tu na kusema, "Mai haya yana munyu." Mimi mwenye shahada nilipima kila kitu isipokuwa maji.

Basi wewe unayeanza kazi hii ukiwa pwani, fanya hivi kwanza. Chukua glasi safi, tia maji yako, dondoshea tone moja la nitrati ya fedha. Maji ya kisima chetu yaligeuka papo hapo kama tui la pili. Nilipoiacha glasi dirishani, ule weupe uliingia zambarau kwa jua. Hiyo ni kloridi ya fedha, yaani chumvi ya bahari imejitambulisha. Nikajaribu maji ya mvua kutoka kwenye jabia la jirani, nikiamini yatakuwa safi, nayo yakaonyesha ukungu mwembamba, maana upepo wa bahari hupandisha chumvi hadi juu ya mapaa. Maji ya betri (yale yaliyokenekwa, si asidi) niliyonunua dukani yalibaki maangavu. Hata hayo, pima kila chupa unayofungua.

Chumvi huharibu kwa sababu kila chembe ya dhahabu imevaa sitreti yenye chaji hasi, na chembe zenye chaji moja husukumana. Chumvi ikiingia, huifunika ile chaji, chembe zinakaribiana, zinashikana, na rangi inakimbilia buluu. Chembe hizi ni kichocheo, yaani huharakisha badiliko la kemikali bila zenyewe kuisha. Wekundu ukipotea ujue na kazi hiyo ya kichocheo inapotea, kwa sababu kazi yote hufanyika juu ya uso wa chembe.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Panga atomi kumi na tatu, moja katikati na kumi na mbili kuizunguka. Kumi na mbili kati ya kumi na tatu ziko nje. Ongeza tabaka la pili la atomi 42, unapata kishada cha atomi 55, na bado nyingi zinagusa hewa. Pete ya dhahabu ina atomi zisizohesabika, lakini karibu zote zimezikwa ndani. Ndiyo maana watu waliamini kwa muda mrefu kwamba dhahabu haichochei lolote, mpaka Masatake Haruta wa Japani alipoonyesha mwaka 1987 kwamba chembe za nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zikiwekwa juu ya oksidi za metali, huigeuza monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi ya kaboni hata kwenye baridi iliyo chini ya sifuri. Hiyo ni hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani.

Kwa jaribio la darasani, tumia naitrofenoli, kemikali ya manjano, pamoja na borohaidraidi ya sodiamu, ambayo huiondolea rangi lakini polepole mno bila kichocheo. Umanjano wake mkali hukaa saa nyingi bila kufifia, lakini ukitia chembe zako unaondoka kwa dakika chache. Mara nyingine kuna kimya kidogo kabla haujaanza kufifia. Usimwage, subiri. Na borohaidraidi iyeyushe papo hapo kwenye maji ya barafu. Joto na unyevu wa kwetu huidhoofisha haraka. Chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita na kuachwa bila kukazwa kifuniko, mimi siiamini.

Ukitaka chembe za fedha badala ya dhahabu, jua kwamba fedha ni ngumu zaidi kuilea. Babu yangu alikuwa sonara, na kila mteja wake alijua fedha huingia weusi, dhahabu haiingii. Vishada vya fedha ni hivyo hivyo: huoksidika upesi, na mwanga huvibadilisha. Fanya kazi gizani kiasi, vaa glavu, maana nitrati ya fedha ikigusa kidole inaacha doa jeusi kwa siku kadhaa.

Jambo la mwisho linaniuma zaidi. Mitaro yetu inateremka moja kwa moja baharini, na fedha ni sumu kwa viumbe wadogo wanaolisha samaki. Usimwage kitu. Mimi nina dumu la mabaki. Natia ndani yake maji ya bahari yenyewe, fedha iliyoyeyuka inageuka matope meupe na chembe zinashikana, vyote vinatuama, naondoa maji ya juu taratibu na kuhifadhi matope yale kwenye chupa nyeusi. Sonara mmoja wa mtaani ameshaniambia nimpelekee zikijaa chupa mbili.