Elfu thelathini ya trafiki, nilivyokuwa naihesabu pamoja na wese

Niseme ukweli tu, miaka yangu ya mwanzo kwenye usukani mi faini nilikuwa naihesabu pamoja na mafuta. Nikitoka Dar kwenda Moro na Noah yangu natenga hela ya wese, ya kula njiani, na elfu thelathini ya trafiki pembeni, nikirudi nayo naona nimepata faida. Na sikuwa peke yangu, kaa kijiweni na madereva uwasikilize, hakuna atakayekwambia "nimevunja sheria", wote ni "leo nimeliwa" au "wamenivizia bwana". Yaani mwenye kosa ni yule trafiki aliyejificha na tochi, kile kipima mwendo chao, nyuma ya mwembe, sio mshale uliokuwa 74 kwenye kibao cha 50.

Ndo tukawa mabingwa wa kuwashiana taa. Anayekuja upande wa pili akikuwashia mara mbili unajua mbele wapo, unashuka mpaka 48 umetulia kama unaenda ibadani, ukishawapita tu mguu unazama. Sehemu zao nilizijua zote Mlandizi mpaka Mikese, ila ungeniuliza pale Mikese kibao cha 50 kimewekwa cha nini ningekujibu wanatafuta hela, wakati watu wanavuka na madumu kichwani nawaona kabisa. Halafu cha ajabu tukifika Mikumi hifadhini wote wapole, kwa sababu bango la bei ya kugonga mnyama liko pale barabarani limeandikwa kwa dola, na hakuna anayetaka kumlipia twiga.

Kilichonizindua ni deni. Gari nilimwachia deiwaka, dereva wa kunishikia, miezi kadhaa, baadae nikataka kuliuza, mteja akaja jioni kalizunguka mara moja tu akatoa simu akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni, akanigeuzia kioo nione. Manne! Kila moja elfu thelathini na nyongeza ya kuchelewa kulipa juu yake. Matatu mwendo, la nne kutosimama kwenye zebra. Nampigia dogo ananijibu "bosi si zile za kawaida tu, nilisahau". Nilitaka kufoka nikashindwa maana hilo "za kawaida" kalitoa kwangu, mi ndo nilimfundisha. Lile la zebra ndo lilinikosesha usingizi, mwendo unaweza kubisha lakini pale kuna mtu alikuwa anataka kuvuka.

Kwahiyo wewe unayenunua gari mkononi kwa mtu, kabla hujapiga hata injini ingiza namba kwanza, deni linasomeka kwenye namba ya gari na muuzaji akishakula hela yake humpati tena. Kama gari ni lako na anaendesha mwingine, angalia kila wiki, mi naangalia Ijumaa, haimalizi hata dakika mbili. Ukiandikiwa soma kosa uliloandikiwa kabla hujaondoka, lipa siku hiyohiyo kwa kontroo namba, ile namba ya malipo, ukingali na uchungu, na kama unaona umeonewa unaruhusiwa kukataa mkaelewane mahakamani, ingawa wengi wetu tunaona bora kulipa tuwahi. Ile ya kushuka kwenda "kuongea vizuri" achana nayo, utatoa kidogo, utajiona mjanja, kesho unakanyaga vilevile.

Na mabosi wenzangu, hapa nasi tuna letu. Unamkalia dogo kooni hesabu, ile hela ya siku anayokuletea, iwe kamili kila siku, mvua foleni humwelewi, halafu unashangaa anakimbia? Mi nimepunguza hesabu kidogo, ila tumeandikiana kwamba faini ya mwendo ni ya mfuko wake, ya taa mbovu au tairi kipara ni yangu. Nikimlipia mi ya mwendo haimuumi hata, anaona ni risiti kama ya mafuta.

Deiwaka wa sasa mwezi wa kwanza tu kanipigia, "bosi nimeliwa hapa Chalinze". Nikamuuliza mshale ulikuwa ngapi. Kimya kidogo, nasikia malori yanapita. "Sabini na tatu bosi."