Ndama anayekohoa: virusi hutangulia, bakteria humalizia

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama kijana anayefuga ng'ombe wa maziwa huko Makambako: "Shikamoo mwalimu. Ndama wangu wanakohoa tangu baridi ianze. Nimewachoma sindano za OTC, wawili wamepata nafuu, mmoja amekufa, na sasa mama zao nao wanatoa makamasi. Je, nimeuziwa dawa feki?" Marahaba, binti yangu. Inawezekana dawa yako ya OTC, yaani oksitetrasaiklini ya kupambana na bakteria, ilikuwa nzima na ndama akafa vilevile. Nimeamua kukujibu hapa, wasome na wengine, kwa sababu sisi wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini tunazika ndama wengi kwa nimonia, ugonjwa tunaoujua nusu tu.

Nusu ya pili niliijua mwaka ule niliponunua mitamba chotara wa Friesian kutoka upande wa Iringa, kwa ajili ya banda langu la Isongole, chini ya mlima Rungwe. Muuzaji aliwakusanya kwa wafugaji mbalimbali, akawapakia jioni kwenye lori la wazi, na njiani, Makambako na Igawa, wakaongezwa ng'ombe wa watu wengine. Walisafiri usiku kucha katika baridi ya mwezi wa saba, bila maji wala majani, wakashushwa Uyole asubuhi. Niliwakagua mmoja mmoja: macho yalikuwa maangavu, pua zilikuwa na unyevu wa kawaida, na hakuna aliyekohoa. Baada ya wiki moja hivi homa ililipuka bandani, lakini walioanza kuugua hawakuwa wageni, bali ndama wangu niliowazalisha mwenyewe. Makamasi yalianza yakiwa mepesi kama ya mafua, yakageuka mazito ya rangi ya njano. Masikio yakalegea, kipimajoto kikapita nyuzi 41, na wale waliozidiwa wakasimama wamenyoosha shingo, wakihema kwa mdomo. Miongoni mwa waliokufa alikuwa binti wa ng'ombe wangu bora kuliko wote.

Daktari wa mifugo alipompasua mbele yangu, sehemu ya mbele na ya chini ya mapafu ilikuwa nyekundu iliyoiva, ngumu kama ini, imefunikwa utando wa njano, ilhali sehemu ya nyuma ilikuwa bado laini na ya waridi. Nilipompigia muuzaji simu alinijibu kwamba baridi ya kwetu ndiyo iliyoua. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa kuwa alichukua chembe ya ukweli akafunikia ukweli mkubwa zaidi.

Ukweli wenyewe ni huu. Bakteria wanaoyageuza mapafu kuwa kidonda, hasa Mannheimia haemolytica na Pasteurella multocida, huishi puani na kooni mwa ng'ombe wazima kwa idadi ndogo bila kuwadhuru. Njia ya hewa imetandikwa vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute kuelekea juu saa zote, na kila kijidudu kinachoteremka hunaswa kwenye ute huo na kutolewa. Wachache wanaopenya hadi ndani humezwa na seli walinzi za mapafu. Virusi ndivyo vinavyouvuruga ulinzi huo. Vipo vya herpesi ya ng'ombe, vinavyoitwa kwa kifupi BHV-1, vipo BRSV, PI3 na virusi vya korona vya ng'ombe, ambavyo huharibu utando wa njia ya hewa pamoja na vinyweleo vyake. Na vipo BVDV, ambavyo hudhoofisha kinga ya mwili mzima. Ute ukisimama, bakteria huongezeka kooni kwa kasi na kushuka mapafuni. Huko Mannheimia hutoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana nayo, na chembe hizo zinapopasuka humwaga vimeng'enya vinavyoyaunguza mapafu zaidi. Katika majaribio yaliyofanyika Canada miaka ya 1970, ndama walivutishwa kwanza hewa yenye BHV-1, kisha baada ya siku chache hewa yenye bakteria hao, wakapata nimonia kali. Bakteria peke yao hawakuwa na nguvu hiyo.

Kwa nini basi mtamba asiyekohoa alete maradhi? Kwa sababu BHV-1 haiondoki mwilini. Ng'ombe akishapona, virusi hujificha katika neva za kichwani, na siku anapopata msukosuko, kama vile safari ndefu, njaa, kuzaa au kuchanganywa na wageni, huamka na kutoka tena puani, wakati mwenyewe akionekana mzima kabisa. Deksamethasoni nayo huweza kuviamsha, na kwa hiyo huwa nakasirika ninaposikia mtu wa duka la dawa amemchanganyia mfugaji dawa hiyo ili homa ishuke haraka. Homa inashuka kweli, na kinga inashuka pamoja nayo.

Sasa unaona sindano ya OTC inavyofanya kazi. Haiui kirusi hata kimoja. Inawazuia bakteria wasiongezeke, tena ikiwa imetolewa mapema, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa ndama na kwa muda wote ulioelekezwa. Pafu lililokwisha kuwa gumu halirudishwi na chupa yoyote. Nunua kipimajoto. Ndama wa kawaida huwa na joto la kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, na akipita 40 huku akikohoa, mwite daktari siku hiyohiyo, angali ananyonya, usingoje ahemee mdomoni. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa usiyauze mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Lakini ndugu zangu, vita hivi havishindwi kwa sindano. Tazameni mabanda yetu ikifika Juni, kuanzia Tukuyu hadi Makete: tunaziba kila upenyo kwa mabanzi na maturubai tukidhani tunamwonea ndama huruma, na ndani mkojo na samadi vinatoa hewa kali ya amonia inayowasha macho na kuviumiza vinyweleo vilevile ambavyo virusi huviharibu. Piga magoti, ushushe pua yako hadi pale ndama anapolala. Kama huwezi kukaa hapo kwa starehe, yeye anakaa hapo usiku kucha. Ziba upande wa chini unaoingiza upepo, acha wazi sehemu ya juu chini ya paa, na umwekee matandiko makavu ya kutosha kufukia miguu yake anapolala. Ndama aliyekauka hustahimili baridi ya Kitulo. Aliyelowa hawezi hata ya Mbeya mjini.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, nayo si jambo la hiari. Ndama huzaliwa karibu bila kinga, na utumbo wake huweza kupitisha kinga ya mama kwa takribani saa 24 tu, tena hupungua kila saa inayopita. Anywe ndani ya saa 6 za kwanza, lita 3 hadi 4 kwa ndama mkubwa. Anayeuza dang'a amwache ndama na mabaki anauza uhai wake.

Mgeni yeyote ninayemnunua leo hukaa peke yake wiki tatu au nne, kwa ndoo yake na mtu anayemhudumia mwishoni, baada ya wengine wote. Sinunui tena ng'ombe waliokusanywa, na wiki hizo simkati pembe wala simwachishi ndama kunyonya, ili misukosuko isirundikane. Tangu nishike utaratibu huo, misimu ya baridi imepita bila mimi kuchimba shimo la ndama, na ninalisema kwa fahari.

Kabla ya yote, hakikisheni ugonjwa ni huu. Ndama aliyevimba tezi chini ya sikio na mbele ya bega, mwenye homa kali na kupumua kwa shida, huenda ana ndigana kali iliyoletwa na kupe, na OTC haitibu ndigana iliyokwisha kujitokeza. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo ni ugonjwa mwingine, wa bakteria wake mahususi, na mara nyingi huharibu pafu la upande mmoja. Ukiushuku, sheria inakutaka utoe taarifa na usihamishe mnyama. Chanjo yake ya T1/44, ambayo asili yake ni bakteria waliopatikana hapahapa Tanganyika mwaka 1951, haimkingi ndama dhidi ya BHV-1 wala Mannheimia. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba mitamba "wamechanjwa mapafu", ulizeni ni chanjo gani, na ndama wa kwanza akifa, mwiteni daktari ampasue na kupeleka sampuli Wakala ya Maabara ya Veterinari, kituo cha Iringa, kabla hamjamfukia.