Umeme ukikatika saa tisa usiku

Wewe unayeanza kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee huku Marekani, siku ya kwanza utapewa faili nene la mpango wa dharura, kisha utie saini kwamba umelisoma. Saini. Halafu zamu yako ya kwanza ya usiku, wazee wakishalala, pita chumba kwa chumba ukiangalia soketi.

Nyekundu ndizo zinazopata umeme wa jenereta. Mimi nilikuja kulielewa hilo wiki ya tatu. Umeme ulikatika saa tisa usiku, jenereta ikaitika baada ya sekunde chache, taa za korido zikarudi, nikashusha pumzi. Kumbe mashine ya oksijeni ya bibi mmoja ilikuwa imechomekwa kwenye soketi nyeupe. Ile nyekundu ilikuwa na chaja ya simu! Muuguzi wa zamu akaniuliza mtungi wa akiba uko wapi, nikabaki kumtazama. Bahati yeye alikuwa anajua. Tangu siku hiyo, kwenye karatasi yangu ya zamu naandika kwanza wenye oksijeni, ndipo nafikia wa kubadilishwa pampasi.

Moto nao una mambo yake. Sisi tulivyokua, moto ukitokea ni mbio mpaka nje. Hapa unamtoa mzee aliye kwenye chumba kinachoungua, unabonyeza kengele, unafunga mlango, kisha unawavusha majirani zake hadi ng'ambo ya milango ya kuzuia moto, ghorofa ileile. Kuwatoa nje ni hatua ya mwisho, maana wazee arobaini wenye nguo za kulalia kwenye theluji ni dharura nyingine. Na mwenye maradhi ya kusahau atarudi chumbani kufuata mkoba wake, kwa hiyo mlangoni asikosekane mtu.

Lakini linaloniogopesha kuliko moto ni joto, kwa sababu halina kengele. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipopita Florida, nyumba moja ya wazee katika mji wa Hollywood ilipoteza umeme wa kiyoyozi. Taa ziliendelea kuwaka. Wazee 12 walikufa, na hospitali ilikuwa jirani kabisa. Baadaye jimbo likazilazimisha nyumba hizo kuwa na jenereta na mafuta ya saa 96 ili vyumba visipate joto la hatari.

Kwa hiyo kiyoyozi kikifa, usihukumu kwa taa. Angalia kipimajoto, mguse mzee, mpe maji kama anaruhusiwa. Ukimwona amelegea au anaongea yasiyoeleweka, mwite muuguzi. Ukiona hakuna anayeshtuka, piga mwenyewe 911, namba ya dharura. Hiyo haiombewi ruhusa, wala Kiingereza chako kisikutie hofu. Anza na anwani. Iandike nyuma ya beji leo. Mimi nilifanya kazi miezi minne nikijua namba ya basi tu.