Umeongezewa mshahara na watoto huwaoni? Nunua muda kwanza, kiwanja kitasubiri

Dada yangu, hongera kwa nyongeza na pole na majukumu. Umesema umepanda kutoka laki 9 mpaka milioni 1 na laki 2, una watoto wawili, wa miaka 8 na wa miaka 3, baba yao yuko kikazi Dodoma, wewe umepanga Mbezi kazi iko Posta, unatoka saa 11 alfajiri unarudi saa 2 usiku. Unauliza hiyo laki 3 uipeleke wapi, kiwanja cha kulipa kidogo kidogo, UTT (ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja), kikoba, au umhamishe mkubwa umpeleke english medium. Naona wengi wameshakwambia kiwanja. Mimi nakujibu kama mama niliyepita hapo hapo mara mbili, mara ya kwanza nilikosea vibaya sana, ya pili nikapatia, na nitaandika kwa kirefu maana jambo hili linanigusa.

Tuanze na hesabu kwanza, sijaona mtu kaigusa. Laki 3 hutaiona mkononi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, hiyo ni elfu 30. Halafu PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa baada ya kutoa NSSF, na wewe ulikuwa kwenye kipande cha asilimia 25 sasa umevuka milioni umeingia cha asilimia 30. Zamani ulikuwa unakatwa 80,500, sasa utakatwa 152,000, yaani 71,500 zaidi. Na umesema deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi bado hujamaliza, wale wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwenye nyongeza tu wanachukua elfu 45. Toa zote, inabaki 153,500. Hiyo ndo nyongeza yako dada, laki na nusu na kidogo. Mtu anayekupangia mambo ya laki 3 anakuandalia madeni, mwezi wa pili tu utaanza kuazima nauli.

Sasa nikuhadithie. Nyongeza yangu ya kwanza niliipata 2019, binti yangu ndo anaanza darasa la kwanza. Sikufikiria mara mbili, nikampeleka english medium, shule nzuri tu kwa sifa, iko mbali na kwetu Chanika. Ada nikaimudu kwa ile nyongeza pamoja na overtime za Jumamosi. Ambacho sikukipigia hesabu ni gari la shule. Sisi tulikuwa wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa, gari linapiga honi barabarani saa 11 na robo alfajiri, mtoto wa miaka 6 namvalisha soksi amelala, kabisa amelala, kichwa kimeniegemea begani namsukumia mguu kwenye kiatu. Jioni anarudi saa 12 kasoro. Mimi nafika saa 2, nimesimama kwenye daladala kuanzia Tazara, foleni ya Gongo la Mboto mnaijua. Nikifika ameshalala au anasinzia na kijiko mkononi. Nilikaa miaka mitatu na nusu hivyo najiambia napambana kwa ajili yake, na kweli nilikuwa napambana, ila yule mtoto ukiniuliza rafiki yake anaitwa nani nilikuwa sijui.

Jumapili ndo siku pekee niko nyumbani mchana, na Jumapili yenyewe ni kufua. Mliofua nguo za familia ya watu watano kwa mkono mnaelewa, mashuka, uniform, nguo za baba mtu za gereji, unakaa chini na mabeseni matatu saa 3 asubuhi unanyanyuka saa 8 mgongo umekata, ngozi ya vidole imechubuka. Jumapili moja 2022, yuko darasa la nne, akaja na daftari la hisabati kasimama pembeni. Nikamwambia subiri mama anafua. Akakaa kwenye ndoo akasubiri. Nikamsahau. Nilipokuja kuanika nikamkuta amelala mkekani daftari liko kifuani, nikalichukua kulifunga, ndo nikaona. Kurasa kama sita mfululizo ni kalamu nyekundu, kugawanya zile za kirefu, zote kakosa, na chini mwalimu kaandika MZAZI AONE NA ASAINI. Na sahihi ipo. Jina langu, limeandikwa kwa mwandiko unaotetemeka, herufi ya kwanza kubwa kuliko zote. Alisaini mwenyewe. Alipoamka nikamuuliza kwa upole kwa nini, akanijibu, mama ulikuwa unafua.

Sikumchapa. Nilienda chumbani nikakaa.

Mwezi wa saba mwaka huo huo ikaja nyongeza ya pili, kutoka 720,000 kwenda 880,000. Baada ya NSSF na kodi ikawa 113,600 (bodi ya mikopo mimi sidaiwi). Safari hii nikamwambia mume wangu hii hela hatununui kitu, tunanunua saa za kukaa na huyu mtoto na mdogo wake. Hakunielewa siku hiyo, akataka tumalizie madirisha, tukabishana wiki nzima, mwisho akakubali tujaribu miezi mitatu. Nilivyoigawa ni hivi.

Elfu 40 mama wa kufua. Anakuja kila Jumapili saa 2 asubuhi, elfu 10 kwa siku, mara nne. Ni jirani mtaa wa pili, ana watoto wake na yeye, kwa hiyo hela inabaki hapo hapo mtaani na nguo zinatakata kuliko nilivyokuwa nafua mimi.

Elfu 30 nikamuongezea dada wa nyumbani, kutoka 60 kwenda 90, nikampa na mapumziko ya kueleweka, Jumamosi jioni mpaka Jumapili jioni. Hapa naomba unisikilize vizuri sana kwa sababu una mtoto wa miaka 3. Kabla ya hapo nilibadilisha wadada wanne ndani ya miaka miwili. Kila dada akiondoka unaomba ruhusa kazini siku tatu nne, unamlilia mama mkwe aje, unalipia nauli ya dada mpya kutoka mkoani, mtoto anaanza upya kuzoea mtu, anarudi kukojoa kitandani. Piga hesabu ya hiyo hasara yote kwa mwaka, ni kubwa kuliko hiyo elfu 30 mara 12. Huyu niliyemuongezea alikaa miaka mitatu, ameondoka juzi kwenda kuolewa, tumemfanyia na send-off. Na kwa kuwa kufua kumetoka mikononi mwetu, alikuwa anashinda na mtoto kweli, anamsomea, anamtembeza. Kwa maoni yangu hiyo ndo elfu 30 iliyofanya kazi kuliko hela yoyote niliyowahi kutoa.

Elfu 40 iliyobaki niliacha nayo overtime. Hii watu hawaioni kama matumizi lakini ni matumizi. Sheria inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ukizidisha unalipwa mara moja na nusu. Kwa mshahara wangu wa zamani saa moja ya overtime ilikuwa kama 5,500. Jumamosi mbili kwa mwezi, saa tano tano, ni elfu 55, ikikatwa inabaki kama elfu 40. Nilikuwa nauza Jumamosi mbili za watoto wangu kwa elfu 40! Nikamfuata bosi nikamwambia kwa adabu Jumamosi siwezi tena, alinuna kidogo yakaisha.

Ukijumlisha ni laki na elfu 10. Akiba mpya mwaka ule haikuwepo, siwezi kukudanganya, ila NSSF ilikuwa inaendelea, na ya mwajiri inaongezeka sambamba na mshahara, kwa hiyo siyo kwamba kesho nilikuwa naitupa. Januari iliyofuata nikamhamisha binti, nikampeleka shule ya karibu, ada nafuu, anatembea dakika 15 na wenzake. Akaanza kulala mpaka saa 12. Jamani usingizi tu, ule usingizi peke yake ulimbadilisha mtoto, hasira zikapungua, akaanza kula asubuhi.

Friji ndo kitu kimoja tu tulichonunua, na tulisubiri zamu yangu ya mchezo ifike, tukachukua la mtumba. Nalitaja kwa sababu friji ni muda. Jumamosi nachemsha maharage kilo mbili kwenye presha kuka, nusu saa yameiva, kwa gesi bila presha kuka utamaliza mtungi bure. Nagawa kwenye vikopo naweka kwenye friza. Nyanya na vitunguu nasaga kwa blenda vya wiki nzima. Nikirudi saa 2 usiku naunga tu, dakika 20 tunakula wote. Zamani nilikuwa nawasha mkaa saa 2 na nusu, tunakula saa 4, watoto wameshalala na njaa yao.

Sasa tuje kwako. Wewe umepanga, hiyo ni nafasi ambayo mimi sikuwa nayo, maana sisi nyumba ni yetu hata kama haijaisha. Mbezi hadi Posta kwenda na kurudi hata ukipanda mwendokasi kuna siku unapoteza saa nne, kupanga foleni kituoni peke yake ni kazi. Umesema unalipa 150,000 kwa mwezi. Ukitafuta vyumba kama hivyo maeneo ya Magomeni au Ubungo itabidi uongeze kama elfu 70 mpaka 100, nyumba itakuwa na wapangaji wengi na uwanja hamna, hilo ujue kabisa. Lakini ukiokoa saa mbili tu kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni saa 44 kwa mwezi. Hakuna kiwanja kinakurudishia hizo.

Usihame sasa hivi. Mtoto amalize mwaka shuleni, uhame likizo ya Desemba aanze Januari shule mpya. Mwezi huu anza na mama wa kufua tu, elfu 40. Inabaki 113,500, hiyo iweke UTT kwenye ule mfuko wa Ukwasi ambao hela unaitoa ukiihitaji, miezi sita inakuwa kama 681,000 hata bila faida. Hapo ukijumlisha na kodi uliyozoea kulipa unapata kodi ya miezi sita ya nyumba mpya na hela ya Kirikuu ya kuhamisha vitu. Ukishahamia, elfu 70 mpaka 100 inaenda kwenye tofauti ya kodi, elfu 40 kufua, inayobaki mwongeze dada wa nyumbani. Naona hapo ndo nyongeza imeisha, na hapo ndo pazuri.

Mkopo wa mshahara usichukue. Nyongeza ikishaingia kwenye mfumo benki watakupigia wenyewe wanakwambia sasa unaweza kukopa mpaka milioni kadhaa, na mtu akikukatia laki na kumi kila mwezi kwa miaka mitano ina maana nyongeza yako umeikabidhi. Michango ya harusi, panga kiwango chako kimoja kwa mwaka na usitaje mshahara kwenye magroup. Gari sahau kwa sasa.

Ndugu waliokwambia kiwanja siwapingi kwamba ardhi inapanda. Inapanda. Ila huyo wa miaka 3 naye anapanda, na akifika 10 hatakusubiri kwenye ndoo. Kiwanja utanunua ukimaliza bodi ya mikopo, siku hiyo ile asilimia 15 yote ya mshahara inarudi kwako, kwa mshahara wa milioni 1 na laki 2 ni laki 1 na elfu 80 kila mwezi, hiyo ndo hela ya kiwanja.

Binti yangu sasa hivi yuko darasa la saba, anasubiri mtihani wa Septemba. Jumapili asubuhi mama wa kufua akiwa uani, sisi tuko barazani na madaftari, yeye anakokotoa mimi nakosoa, na kugawanya kwa kirefu anamfundisha mdogo wake. Sahihi naweka mwenyewe.

Kuhusu english medium sijakukataza, ila kabla hujalipa fomu nenda kawaulize gari lao linapita kwako saa ngapi asubuhi na wewe ni kituo cha ngapi, halafu rudi hapa uniandikie tupige hesabu pamoja.